Nusu Uwanja

Mimi sikuja kutazama vinyoya.
Nilikuja kusikiliza gurudumu la kulia,
lile nililolichomelea Jumanne usiku, Majengo,
umeme ukikatika mara tatu,
spoki za mwisho nikizikaza kwa taa ya pikipiki ya jirani.

Wamefunga madirisha yote ya ukumbi.
Upepo wa Dodoma haujali mgeni:
ukipata tundu la kupitisha kidole
utakiiba kinyoya hewani, ukakitue nje ya mstari,
halafu utulie kama si wewe.
Vijana wa kujitolea wameziba matundu
kwa mifuko ya saruji na fulana za mashindano,
saizi zile ambazo hakuna aliyezitaka.

Elikana Ndahani, wa Mpunguzi.
Ubaoni wamemwandikia herufi tatu za nchi.
Nilimjua kabla ya herufi hizo,
siku aliyoletwa karakanani kwa toroli la matofali,
akauliza hata kabla ya salamu:
"Fundi, kiti kinaweza kukimbia kinyumenyume?"
Nikamwambia kiti ni cha kukalia.
"Basi wewe," akasema, "hujawahi kukaa."

Kwenye viti, mtu na mtu, huchezwa nusu uwanja.
Jukwaani wakanung'unika: mbona nusu? Kiingilio tumelipa kizima.
Subirini, nikasema moyoni.
Nusu hiyo ukiipima kwa viganja,
mbele, nyuma, mbele, nyuma,
ni ndefu kuliko barabara ya Iringa.

Kinyoya kikapaa hadi kwenye taa.
Elikana akarudi, akarudi,
akajilaza juu ya egemeo, kisogo kikaitafuta sakafu,
akapiga kutoka kule chini,
mgongo haujabanduka kitini.
Kigurudumu cha nyuma kikalia kwii.
Kiungo kikashika.
Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilipumua.

Seti ya tatu, kumi na saba kwa kumi na saba,
ndipo spoki ya mgeni ilipokatika.
Kiti chake cheupe, chepesi;
asubuhi nilikiinua kwa vidole viwili nikaona wivu.
Sasa gurudumu lilikuwa likicheza kama jino la mtoto.
Fundi wao alikuwa amekwenda kutafuta chai.
Mwamuzi akatazama kulia, akatazama kushoto.
Mtu akapaza sauti: yupo fundi hapa, wa Majengo!

Nikapiga magoti mbele ya adui yetu.
Nusu mzunguko wa spana,
nusu tu, nani angejua,
na gurudumu lingemsaliti kwenye kona.
Mkono wangu ulilifahamu hilo kabla yangu.
Ulisimama kidogo.
Yeye hakuuangalia mkono. Alinimulikia kwa simu yake,
akisogeza mwanga kila niliposogea,
kama mtu aliyewahi kushikia fundi taa.

Nikakaza.
Nikalizungusha karibu na sikio: kimya,
kimya kile ambacho Majengo nawatoza watu elfu mbili.

Ishirini na moja kwa kumi na tisa.
Si sisi.

Madirisha yakafunguliwa. Upepo ukaingia, umechelewa,
ukayazoa manyoya yaliyovunjika
ukayapeleka hadi miguuni pa wapiga picha.

Nje, karibu na tangi la maji, nilimkuta Elikana
akibandua plasta viganjani kwa meno.
Nikamwambia nilichotaka kufanya. Chote.
Hakuacha kubandua.
"Ungelegeza, ningesikia," akasema.
"Seti nzima nilikuwa nasikiliza gurudumu lake.
La kwangu nalijua."

Nikarudi Majengo kwa miguu.
Mlangoni, baiskeli ya muuza mkaa, ekseli imepinda,
mwenyewe amelala juu ya magunia.
Akafumbua jicho moja:
"Fundi, ulikuwa wapi siku nzima?"
Nikafungua kufuli.
Nikamwambia ashike taa.