Alama za Vidole

Jumanne, ofisi ya kata. Feni imekufa tangu Pasaka.
Benchi moja, wazee kumi na wanne,
na ukutani bango: MZEE KWANZA.
Kwanza yupi, ikiwa wote ni wazee?
Bango halikusema. Tukagawa namba.

Namba tisa: Sikudhani binti Mwalami,
wa Kunduchi Mtongani, machimboni.
Akalegeza fundo la kanga mezani pangu
kama mtu aliyeleta dhahabu ipimwe:
barua ya mjumbe, muhuri umelowa;
kadi ya kliniki ya mwanawe, marehemu;
risiti ya umeme wa nyumba isiyo yake.
"Chagua, mjukuu wangu. Mojawapo itakuwa ndiyo."

Mwaka wa kuzaliwa?
"Mwaka ule maji yaliingia shambani kwa baba,
nyoka wakalala na kuku."
Kompyuta inataka tarakimu nne.
Tukahesabu kwa watoto: wa kwanza, aliyefariki,
wa tatu, alianza shule lini,
na siku hiyo balozi wa nyumba kumi alikuwa nani.
Tukafika sitini na nane.
"Ongeza," akasema. "Njaa nayo ina miaka yake."
Nikamwambia sitini inatosha, sera haidai zaidi.
"Ningejua, ningesimama hapo hapo."

Dole gumba, la kulia.
Mashine ikawaka kijani, ikafikiri, ikakataa.
La kushoto. Ikakataa.
Nikampa kitambaa apanguse,
nikampa mafuta ya mgando ya Editha wa masjala,
kama tulivyofundishwa kwenye semina
(siku tatu, posho, chai na sambusa).
Vyote kumi, kila kimoja mara tatu.
ALAMA HAZISOMEKI. JARIBU TENA.

Nikavishika vidole vile, nikavielekeza dirishani.
Laini,
kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.
Miaka thelathini na mmoja ameponda kokoto,
nyundo mkono huu, jiwe mkono huu,
jua likimpiga yeye, yeye akilipiga jiwe,
na lori likija jioni kuchukua.

"Hizo alama unazozitafuta," akasema,
akagonga sakafu yetu kwa kisigino, mara moja,
"nilishazileta. Mlizinunua kwa debe.
Tena kwa mkopo."

Editha akacheka, kisha akaacha.

Mwongozo naujua. Niliuchapa mimi, nakala sabini.
Ukurasa wa sita: mzee asiye na uwezo
atatibiwa bila malipo.
Neno zuri, atatibiwa. Ila halina mpini.
Nimewaona wakitoka dirishani na karatasi ya dawa,
dawa yenyewe iko ng'ambo ya barabara,
duka la mtu, kwa bei ya mtu.
Lakini hilo si la leo, nikajiambia.
Leo ni kidole.

Fomu ina kisanduku: SABABU YA KUKOSA ALAMA.
Amekatwa. Ameungua. Ukoma. Nyingine, eleza.
Nikabonyeza Nyingine.
Nafasi ya herufi ishirini.
Nikaandika: zimetumika.
Nikafuta; wilayani hawapendi mafumbo.
Nikaandika: kazi ngumu.
Nikafuta, maana hata mimi huandika hivyo
kwenye barua za kuomba likizo.
Nikairudisha ile ya kwanza.

Akakusanya karatasi zake, akapiga fundo mara mbili.
"Kadi lini?"
Siku saba za kazi, bibi.
"Za kazi ya nani?"

"Namba kumi!" nikaita,
kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika,
na namba kumi alikuwa amekaa mbele yangu tayari,
anajifuta vidole kwenye suruali.