Sifuri ya Mizani

Dodoso lina maswali ishirini na mawili.
Kila swali visanduku vitano, sifuri mpaka nne,
ila la mwisho, lenye mistari miwili mitupu.
Nina kalamu mbili, moja imekauka,
na benchi nje ya chumba namba saba,
Tanga, saa mbili asubuhi, jasho tayari mgongoni.

Wa nne ni Bi Mwanamkasi Semhando,
Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
miaka sitini na tisa. "Andika sabini, usinipunje."
Sukari. Presha. Baridi yabisi ya magoti.
Madaftari matatu ndani ya mkoba wa ukili:
Jumatatu la sukari, Jumatano la presha,
la magoti siku ambayo magoti yenyewe yatakubali kilima.

Nasoma nilivyofundishwa, bila kupandisha sauti:
*Katika wiki nne zilizopita,
kumeza dawa kumekulemea kiasi gani?*

"Zipi?
Ile ya kabla ya kula, na cha kula hakijapatikana?
Ile ya kukojoza, nami nina safari ya msibani Muheza?
Au ya maumivu, ambayo daktari wa Jumatano
kanambia niache, na wa magoti kaniandikia tena?"

Naandika mbili. Anaona.
"Mbili ya nini? Ratili? Pishi?"

Ndipo aliponambia: miaka kumi na tisa
alikuwa mpimaji kwenye shamba la mkonge,
robota baada ya robota, vumbi jeupe kwenye nyusi,
na somo la kwanza alilopewa
ni kwamba mizani huiamini
mpaka uitazame ikiwa tupu.
"Mshale usimame kwenye sifuri.
Usiposimama, hata ukipima haki unaiba.
Sasa mwanangu, sifuri yangu mimi umeiona wapi?"

Swali la tisa. La kumi.
*Umeweza kuoanisha matibabu na shughuli za nyumbani?*
Anacheka mpaka kikohozi kinamkatiza.
Chupa ya insulini inalala ndani ya mtungi,
kwa kuwa jokofu ni la jirani,
na jirani wamenuniana tangu Mfungo Mosi.
Asubuhi huchovya kidole majini kabla ya kuswali,
ajue kama dawa imelala salama.

Naandika tatu. Naifuta. Naandika moja.
Dodoso halina kisanduku cha mtungi.

La kumi na saba nalisoma nikitazama karatasi:
*Kuna siku ulihisi huwezi tena kuendelea?*

Anakunja ncha ya mtandio. Anaikunjua.
"Weka sifuri."
Hakuna hata siku moja?
"Nimesema weka sifuri. Hiyo siku ndiyo sifuri yangu.
Hapo ndipo naanzia kupima."

Nikabaki na kalamu hewani.

*Una la kuongeza?*
Akahesabu kwa vidole vilivyovimba, nane, kisha nane,
akanitolea taratibu, kama anayepakua uji wa moto:

*Wanipima kwa kalamu, wauliza nalemewa,
Yapokezana kwa zamu, magonjwa yangu na dawa,
Jumla haijatimu, mafungu nahesabiwa,
Mbele yako binadamu, mmoja, si wa kugawa.*

Mizani kumi na sita kila mstari, hakuna uliopunjwa.
Nafasi ilitosha mishororo miwili.
Mingine nikaiandika nyuma ya karatasi,
upande ambao mwingiza takwimu haugeuzi.

Akajaribu kuinuka. Mara ya pili akainuka.
"Nimepata ngapi?"
Hamsini na moja.
"Kati ya?"
Themanini na nne.
"Basi nimepita," akasema, akatundika mkoba begani,
na sikuwa na moyo wa kumwambia
kwamba kwenye dodoso hili
mwenye nyingi ndiye aliyelemewa.

Labda alijua.
Nikaita wa tano.