Rejea ya Arobaini na Nane

Asubuhi Tengeru, chai haijachemka,
nafungua kompyuta kutazama namba yangu.
Saba.
Jana saba. Tangu Pasaka, saba.

Mbili nimejinukuu mwenyewe:
mwamba ngoma, ngozi nimeivutia kwangu.
Moja ni ya mhakiki aliyeniamuru kwanza
ninukuu makala zake tano;
akanirudishia hiyo, kama chenji.
Nyingine imetoka mbali. Nimebanwa kwenye mabano,
arobaini na moja hadi hamsini na tatu,
mimi wa arobaini na nane, Kaaya kwa "a" moja,
na nyuzi zangu mia nne hamsini
zimegeuka mia tano arobaini.
Aliyemfuata naye kaandika vivyo hivyo.
Nani angefungua makala? Mlango una bei.
Hata mimi niliyeiandika naambiwa nilipie.
Na mwaka huu soko ni la betri na grafini,
mifupa ya ng'ombe haina mnunuzi.

Jumamosi nikapanda Ngarenanyuki.
Ndeanasia Akyoo ana ndoo ya kuchujia.
"Nimefundishwa na wifi," akasema,
"naye na fundi wa Kikatiti,
naye alimsikia mtaalamu mmoja wa Tengeru."
Nikahesabu kwa vidole, mkono mfukoni.

Akafunua ndoo.
Mifupa myeupe pe, kama chaki.
"Si mlisema tuchome mpaka iwe myeupe?"
Myeusi, mama. Nilisema myeusi.

Kati ya fundi na wifi
herufi mbili zimeteleza,
na mtu akawaza: mfupa mweupe, jino jeupe.
Hoja nzuri kabisa. Maji yakapita na floridi yake yote,
na mwanawe bado anacheka
kiganja kikiziba meno ya kahawia.

Ningemlaumu vipi?
Ile mia tano arobaini ilivaa tai.

Tukamwaga. Tukachoma upya, moto wa kubaniwa hewa,
hadi ikatoka myeusi kama sufuria ya msiba.
Nikaokota mkaa, nikaandika ubavuni mwa ndoo:
tarehe, joto, rangi, jina la mchomaji.
Ndeanasia akasoma, akaninyang'anya mkaa,
akaongeza chini, kwa herufi kubwa kuliko zangu:
NIMEPATA KWA WIFI ELINIPA.

Jumatatu, saba.
Nimewaandikia wale wa jarida
kuhusu "a" yangu.