Upande wa Pili

Kwenye jalada yuko peke yake:
Oketcho, kola pana, na nyuma yake Mwamba wa Tororo
uliokatwa kichwa na mpiga picha.

Tulikuwa sita. Saruji Sita,
watu wa zamu ya usiku, magitaa ya mkopo,
ngoma zangu nimezikaza kwa waya wa kiwandani.
Jumamosi tulipiga klabu ya reli
mpaka vumbi jeupe likadondoka kutoka nyweleni mwetu
likaingia kwenye bia za watu,
na watu wakanywa.

Kisha akapanda treni ya Nairobi na begi moja.
Alisema anakwenda kumzika shangazi.
Shangazi huyo alizikwa kwa nyimbo kumi,
tano upande huu, tano upande ule,
na jina moja tu kwenye karatasi.

Niliikuta dukani kwa Emojong,
imeegemezwa kati ya betri na tambi za taa.
Nikanunua sabuni.
Kesho yake nikarudi, nikanunua sabuni.
Nyafwono akauliza, tunafua nini, dhambi?
Siku ya tatu nikainunua, nikaiweka juu ya kabati,
uso wake ukitazama mabati.
Nilijiambia sindano za gramafoni hazipatikani.
Ni kweli, hazikupatikana. Sukari pia.

Leo mjukuu kaja na mashine aliyoitengeneza mwenyewe,
kaipangusa santuri kwa shati lake.
Kwanza ule mkwaruzo. Huo naujua,
huo ni wetu, hiyo ni saruji.
Halafu gitaa, safi mno, kama mtu aliyeoga
ugenini.

Upande wa kwanza umepita. Kuna mpiga ngoma wa kukodi,
hodari, hakosei, sina la kumwambia.

Ila upande wa pili, wimbo wa nne,
hakuna ngoma. Kuna kiatu cha Oketcho
kinagonga sakafu ya mbao.
Moja, mbili, na ya tatu inachelewa
kidogo, kama mlevi anayetafuta ngazi.
Ni kosa langu hilo. Miaka sita alinigombeza kwa hilo,
mara moja alinirushia kitambaa chenye jasho mbele ya watu.
Na hapa, mbali na sisi, kwa pesa zake,
mguu wake unachelewa palepale.

Sijui kama ni kejeli.
Nimeinua sindano, nimeirudisha.
Nyafwono anaita kutoka jikoni:
nani huyo anabisha hodi?