Dole Gumba la Kushoto

Faili lake nimelikuta chini ya birika la chai,
jalada lina duara la kahawia
na jina kwa wino: Elinami Akyoo, mkata maua, Usa River.
Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, Arusha mjini.
Dirisha linaona nusu ya Mlima Meru
siku ambazo mlima una hiari.
Leo hauna. Ni Julai. Nimevaa koti la mume wangu.

Nasoma.

Siku ile alisaini kutoka saa kumi na mbili kamili jioni,
mwandiko mzuri, herufi zimesimama kama miche kitaluni.
Halafu msimamizi akamwita: dada, panda nyuma,
ushikilie maboksi mpaka uwanja wa ndege,
ndege haisubiri maua.
Hakuna aliyeliandika hilo popote.
Maneno ya mdomo hayagongwi mhuri.

Kikatiti, saa kumi na mbili na dakika arobaini,
lori la saruji likaja na jicho moja.
Mchoro wa trafiki upo: mstatili mdogo, mstatili mkubwa,
mshale, msalaba.
Yeye hayumo kwenye mchoro.
Stika ya bima ya lori, tulipoihakiki,
ilikuwa ya pikipiki iliyoko Babati.

Mfuko wa fidia ulijibu mapema, kwa adabu:
mdai alikwishatoka kazini.
Dakika arobaini hizo ni zake mwenyewe.
Aende kwa bima ya gari alilopanda.
Bima ya gari alilopanda ni sisi.
Nasi tukaandika
(mimi ndiye niliyeandika, herufi mbili chini ya barua ni za jina langu)
kwamba gari limekatiwa bima ya kubeba mizigo,
na mtu aliyekaa juu ya mzigo
si mzigo, na abiria pia si abiria.
Arudi kwenye Mfuko.

Miezi kumi na minne ya danadana.
Nauli ya kutoka Usa mpaka hapa, mara ngapi, sikuona fomu inayouliza.

Maua tuliyalipa.
Maboksi thelathini na mawili, siku kumi na moja tu.
Yalikuwa na karatasi zote: uzito, urefu wa shina, nyuzi za baridi.
Kila ua lililokatwa na mkono ule lilijulikana bei mpaka senti.
Mkono wenyewe, daktari kauandikia asilimia,
akafuta, akaandika asilimia nyingine,
na wakili wetu ameuliza pembeni kwa penseli:
kwani anakula kwa mkono upi?

Jana alikuja mwenyewe.
Hakulia. Aliniletea maparachichi mawili,
akaniomba radhi kwa kunisumbua.
Nikamtolea fomu ya rufaa, kurasa nne, nakala tatu,
nikasogeza pedi ya wino wa zambarau
na kusoma kwa ile sauti yangu ya kazini:
hapa sahihi, na hapa utaweka dole gumba la kushoto.

Mashine ya kunakili ilikuwa imezimwa. Ningetamani ingekuwa inanguruma.

Alikitazama kile kisanduku cheupe, akanitazama,
akacheka, kicheko kidogo, cha kweli,
akasema: asiyekuwepo na lake halipo,
si ndivyo mnavyosema humu?

Leo nimeyasoma masharti upya, kifungu kwa kifungu.
Sijaona panapomkataza karani kuandika pembeni.
Basi nimeandika, kwa mkono wangu wa kushoto usiozoea kalamu,
maneno yakienda upogo kama mlevi wa mbege:
*Saa kumi na mbili na dakika arobaini alikuwa kazini.
Nani alimtuma? Muulizeni msimamizi. Namba yake ya simu hii.*

Meneja atauliza ni nani aliyechafua faili.

Parachichi moja nimelila kwa chumvi.
La pili bado gumu.
Nimeliweka dirishani, upande wa mlima, liive.