Uchafu Niliouosha

Miaka thelathini na mmoja nilishika mopu
wodi ya wazazi, sakafu ya saruji nyekundu,
klorini ikinila vidole hadi kucha zikawa rangi ya chai.
Adui wangu hakuwa na sura.
Sista Kerubo alituambia asubuhi ya kwanza:
"Usipomwona, ndipo yupo."
Basi nikampiga. Nikampiga miguuni pa vitanda,
kwenye bawaba, kwenye kingo za sinki,
nikastaafu na saa ya ukutani
na mgongo uliosahau kunyooka.

Sasa nina paa. Umoja, ghorofa ya tano:
tangi lililokatwa juu kwa msumeno,
ngege arobaini waliotoka Sagana ndani ya ndoo,
pampu inayokoroma usiku kucha,
magunia ya sukuma na kunde
chini ya kamba za nguo za majirani.

Mwendwa, kijana wa pampu, alinionya:
"Anza na watano. Wengine wangoje wiki sita.
Kuna watu hawajafika."
Watu gani?
"Wa kula mkojo wa samaki."
Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Maji yakanuka kwanza, kama choo cha shule siku ya mtihani.
Kisha Alhamisi moja hayakunuka.
Hakuna aliyebisha hodi,
hakuna aliyepandisha godoro ngazini.
Mlikuwa mmehamia.

Nami sikujua mlipolala.
Sponji ya chujio ikawa ya kahawia, yenye utelezi,
kama ulimi wa mgonjwa wa homa,
mikono yangu ikaitambua kabla yangu.
Jumamosi, siku ya mgao, mfereji ukatema maji
yenye harufu ya kazini.
Nikaikamua mara tatu. Nikaikamua hadi ikawa nyeupe.
Nikaianika kidogo, niitazame.

Jumanne ngege walikuwa juu, wote,
midomo ikifunguka na kufumba
kama darasa linalofundishwa herufi moja.
Kumi na mmoja waligeuka ubavu.
Mwendwa akatia matone kwenye kichupa,
akakiinua juani: kijani cha jani la mgomba.
"Amonia," akasema. Halafu, taratibu,
"Mama, umeosha nini?"

Nilimwambia: uchafu.

Akanieleza nikiwa nimekalia ndoo.
Kwamba wa kwanza wenu huila amonia
wakaacha nitriti, nayo ni sumu vilevile;
kwamba kazi ikikomea hapo, samaki hufa tu kwa jina jingine;
kwamba wapo wanaofuata nyuma, wakaila hiyo,
wakaacha nitrati, na sukuma ikainyonya kwa mizizi.
Hapo nikaelewa. Ilikuwa zamu.
Zamu ya usiku ikiikabidhi ya mchana,
daftari halijarukwa mstari.
Nami niliingia wodini
nikawamwagia dawa wauguzi.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulifunzwa.
Kikulindacho je? Hakuna aliyetwambia kiko wapi.
Kumbe mko hata kwenye magunia haya,
kwenye udongo niliokung'uta viatuni miaka yote,
chini ya lami ya Mtindwa, na huko Ruai
mji huu unakopeleka usiyotaka kuyakumbuka,
popote penye pumzi kidogo na kitu cha kushikilia.
Hamna haraka. Mnaongezeka polepole,
kama akiba ya mtu mwaminifu.

Mwendwa alirudi na mfuko wa nailoni,
ndani yake kipande cha sponji chafu
alichoomba kwa mfugaji wa Kayole,
akanikabidhi kwa mikono miwili
kama aliyebeba chachu ya jirani.
Nilikipokea bila glavu.

Leo ndoo mbili ziko wazi juani,
siku ya pili, klorini itoke.
Mama Zeituni anaanua kanga, ananiuliza:
"Na wewe ulivyo msafi, mbona hufuniki?"
Naangalia tangi. Ngege ishirini na tisa, wako chini.
Namwambia kuna watu nawangoja.