Nani Alikunywa?

Miaka thelathini na mmoja Ondina alikaa shimoni,
chini ya jukwaa la Trieste, kichwa tu kikichungulia,
akiwarushia waimbaji neno kabla halijawatoka akilini.
Hakuna aliyempigia makofi.

Sasa goti limegoma. Jikoni, kando ya birika,
anafungua vijitabu vya opera vilivyotobolewa na wadudu,
anavilaza chini ya taa, anavipiga picha
jani kwa jani, kama mtu anayemsaka mtoto chawa.

Waliovitunga wamekwisha kuwa udongo. Sheria imefumbua mkono:
ni mali ya umma, ya yeyote mwenye macho.
Basi anavipakia mtandaoni, na chini anaandika:
Chukua. Mpe na mwenzio.

Kimoja tu kilimkwaza. Kinaruka
kutoka ishirini na mbili hadi ishirini na tano:
mjane kashika kikombe cha sumu,
mara watu wanapongezana, arusi.
Nani alikunywa?

Aliuliza. Ikapita miezi minane.
Usiku mmoja, kutoka Brno, Zdislav, fundi wa lifti,
akatuma picha mbili zilizopinda, kidole gumba pembeni:
"Ndilo jani lililosalia. Mengine bibi alifungia jibini."

Ondina akavaa miwani. Akasoma kwa mnong'ono,
sauti ileile ya shimoni.
Mjane anakimwaga kikombe kwenye chungu cha maua,
anasema: leo sina haraka.

Akanyanyuka, goti likalia,
akalirudisha jani kwa nduguze
kabla chai haijapoa.